Gari la taka halifiki kwetu: nianzie wapi kutenganisha taka za nyumbani?

"Tunaishi Walukuba, Jinja, Uganda, familia sita za wapangaji kwenye ua mmoja. Gari la taka halifiki kwetu. Kila jioni mmoja wetu anachoma taka nyuma ya choo, na mwanangu wa pili, mwenye miaka saba, ana pumu. Niliamua kukusanya chupa za plastiki kwenye gunia ili niuze badala ya kuchoma. Baada ya miezi miwili panya waliingia, mwenye nyumba akagomba, na mnunuzi wa skrapu alipokuja alichukua nusu tu, akanilipa pesa ya sabuni. Sasa nimeambiwa ninunue mapipa matatu ya rangi tofauti. Je, hiyo ndiyo dawa? Na maganda ya matoke, buveera (mifuko ya plastiki; mmoja ni kaveera) na pampasi za mtoto mdogo nizifanyeje?"

Dada yangu, nianze na mtoto, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki moja, yeye hawezi. Moto wa uani hauna joto la kutosha kumaliza plastiki. Unaiunguza nusunusu, na kile kisichoungua kinapaa kama masizi membamba mno ambayo pua na koo haziwezi kuyachuja. Yanashuka mpaka kwenye vijia vya mwisho vya mapafu, na kwa mtoto mwenye pumu vijia hivyo tayari vimevimba na kubana. Kama kwenye rundo kuna plastiki yenye klorini, mfano mipira ya nyaya za umeme, vipande vya mabomba au ngozi bandia ya mikoba na viatu, moto huo hafifu unatengeneza pia sumu ziitwazo dioksini. Hizo hutua kwenye udongo na majivu, kuku wakadonoa pale pale, zikaishia kwenye mayai mnayokula. Kwa hiyo, hata kama hutafanya jambo lingine lolote katika haya nitakayoeleza, plastiki isiingie tena kwenye ule moto.

Mimi ni mtu wa taka, si daktari. Mpeleke mtoto kituo cha afya hata kama leo anapumua vizuri, umweleze mhudumu habari za moshi, na umwombe akuonyeshe jinsi ya kutumia dawa ya kuvuta. Ukiona mtoto anashindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu inazama ndani akivuta hewa, au midomo inageuka rangi, usingoje kukuche. Panda boda ya kwanza unayoipata, mwende hospitali.

Sasa mapipa. Usiyanunue. Rangi za mapipa ni lugha ya nyumba na gari la taka: gari linasema siku fulani nachukua karatasi, siku fulani nachukua chupa, na nyumba inajibu kwa rangi. Pasipo gari, rangi hizo hazizungumzi na mtu. Nimeona nyumba zenye mapipa mazuri matatu, kijani, bluu na manjano, na jioni yote matatu yanamwagwa kwenye shimo moja. Pesa hiyo inunulie mtoto dawa. Mtaa usio na gari huanza upande wa pili, kwa mnunuzi. Unajua kwanza nani anachukua nini, ndipo unapojua utenganishe nini. Ambacho hakina wa kukichukua hakina sababu ya kukaa kwenye gunia lako.

Ndiyo maana nataka tulitazame lile gunia lililokuvunja moyo, kwa sababu ndani yake kuna karibu somo lote. Panya hawali plastiki. Walifuata mabaki ya soda, yogati na juisi yaliyobaki chini ya chupa, wakafurahi kwamba gunia halisogei. Chupa iliyosuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji, ikageuzwa mdomo chini ikakauka, haina kitu cha kumpa panya. Si lazima sabuni, wala maji safi. Yale maji ya mwisho ya kuoshea vyombo yanatosha, nami nasisitiza hilo kwa sababu najua maji ya jerikani yananunuliwa. Halafu gunia lisilale sakafuni. Litundikwe kwenye msumari, au likae juu ya matofali mawili, pasiponyeshewa.

Na mnunuzi alikataa nusu kwa nini? Sidhani alikuonea. Watu wengi wanaamini kwamba plastiki ni plastiki, na kwamba kila chombo chenye alama ya pembetatu ya mishale kinaweza kurejelezwa. Alama hiyo na namba iliyomo ndani yake zilianzishwa na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani mwaka 1988, na kazi ya namba ni kutaja aina ya plastiki. Haikuahidi kwamba kuna mtu wa kuinunua Jinja. Namba 1 ni ile plastiki angavu ya chupa za maji na soda. Namba 2 ni ngumu, haipitishi mwanga vizuri: jerikani, chupa za maziwa, makopo ya losheni. Namba 4 ni laini, kama mfuko wa maziwa. Namba 5 ni vifuniko vingi, vikopo vingi vya yogati, viti vya plastiki na mabeseni mengi. Namba 3 ni ile yenye klorini niliyoitaja, na namba 6 ni ile ya vikombe vinavyovunjika kwa sauti kali na vya povu jeupe la kubebea chakula.

Hizi hazikai chungu kimoja. Plastiki namba 1 huyeyuka karibu na nyuzi 250 za Selsiasi, namba 2 karibu na 130. Ukiziyeyusha pamoja hazishikani, kama mafuta na maji, na kitu kinachotoka kinakatika mkononi. Namba 3 ikiingia kwenye joto la namba 1 inaungua na kutoa tindikali, na vipande vichache tu vinatosha kutia mzigo mzima madoa. Hata maji ni adui: plastiki namba 1 ikiyeyushwa ikiwa na unyevu, minyororo ya chembe zinazoishikilia inakatika na inakuwa dhaifu. Chupa ya mafuta ya kupikia nayo mara nyingi ni namba 1, lakini mafuta yake hayatoki bila maji ya moto na dawa kali, hivyo wanunuzi wengi huitenga au huikataa. Chupa ya rangi ya kijani au kahawia haiwezi kutengeneza kitu cheupe, kwa hiyo bei yake iko chini. Mnunuzi anayekataa nusu ya gunia anajua kwamba na yeye atakataliwa kiwandani.

Kama namba imefutika, fanya jaribio la maji. Kata kipande kisafi kidogo kama ukucha, kitie kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni, kisukume mpaka kilowe, kisha kiachie. Namba 2, 4 na 5 zinaelea. Namba 1 na 3 zinazama. Povu linaelea kwa sababu ya hewa iliyomo, usidanganyike nalo. Watoto wa miaka kumi wanalipenda jaribio hili, na baada ya siku chache hawahitaji tena kikombe. Wanajua kwa kugonga na kusikiliza.

Kazi yako ya wiki hii basi ni kutembea. Chukua mfuko mmoja wenye kimoja kimoja cha kila unachotupa: chupa ya maji, chupa ya mafuta, kipande cha jerikani, kikopo cha yogati, kopo la bati la maziwa ya mtoto, mkebe wa soda, kipande cha boksi, mfuko wa maziwa. Nenda kwa wanunuzi wawili au watatu wenye mizani, si mmoja. Waulize wananunua kipi, kwa kilo shilingi ngapi, vifuniko vibaki au vitoke, chupa zikanyagwe au ziachwe, na kiasi gani kinawafanya waje wenyewe kuchukua. Swali la vifuniko usiliruke. Wengine wanavitaka kando kwa sababu ni plastiki nyingine, na wengine wanataka chupa wazi kwa kuwa wamewahi kuuziwa maji na mchanga ndani ya chupa zilizofungwa. Andika majibu kwenye karatasi, ibandike ukutani. Karatasi hiyo ndiyo mfumo wako, na bei zikibadilika unaibadilisha.

Kuhusu pesa nikuambie ukweli. Chupa za nusu lita zinazofanya kilo moja ni kati ya 40 na 100 hivi, kutegemea unene. Familia inayotumia chupa mbili kwa siku inachukua takriban mwezi kufikisha kilo. Haiwezekani kwa nyumba moja kuona faida hapo, na anayekuahidi utajiri wa chupa anakupotezea muda. Mkebe wa alumini ni hadithi nyingine: takriban 70 hufanya kilo, na kilo ya alumini ni mali, kwa sababu kuiyeyusha tena kunatumia nishati ndogo sana ukilinganisha na kuitengeneza kutoka kwenye mawe yake. Masufuria mengi yanayofuliwa na mafundi wa Katwe, Kampala, yalianza maisha yao kama kitu kingine. Chuma na bati navyo vina soko, na Jinja mna bahati kwamba viwanda vya chuma viko karibu. Boksi na karatasi kavu huchukuliwa kutengeneza trei za mayai na karatasi za choo. Zikilowa, basi tena. Chupa za kioo za bia na soda rudisheni dukani kama mlivyozoea. Kuijaza tena chupa ile ile kunashinda urejelezaji wowote.

Ila, dada, hayo yote ni sehemu ndogo ya taka zako. Jioni moja pima kwa macho: zaidi ya nusu ya kinachotoka jikoni mjini kwetu ni maganda ya matoke, mihogo na viazi, majani ya ndizi, mabaki ya posho (ugali) na maharage. Kitu kibichi, chenye maji. Hicho ndicho kinachonuka, kinacholeta nzi na panya, kinachochafua karatasi na chupa, na kinachowafanya watu wachome, kwa sababu hakuna anayeweza kukaa nacho siku tatu. Kitoe hicho, na taka zilizobaki zinakuwa kavu, nyepesi, zisizo na harufu, zinazoweza kungoja mwezi mzima. Kwa hiyo mgawanyo wa kwanza nyumbani kwako ni mbili tu: kibichi na kikavu. Beseni bovu moja na gunia moja. Ukishika hilo peke yake kwa mwezi, umemaliza kazi ngumu.

Kibichi kikichanganywa na kikavu na kurundikwa, hewa haifiki ndani. Vijidudu vinavyoishi bila hewa huchukua nafasi, vinatoa gesi ya methani, na maji machafu yanajikusanya katikati ya rundo. Sote tunaikumbuka Kiteezi. Jalala hilo la Kampala lilifunguliwa mwaka 1996, likapokea taka za jiji zikiwa zimechanganywa hivyo hivyo miaka mingi baada ya uwezo wake kwisha, na tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua, lilishuka juu ya nyumba za watu. Waliokufa walizidi 30. Sisemi maganda peke yake yaliwaua. Lilikuwa limejengwa juu mno na watu walikuwa wameachwa waishi chini yake. Nasema mlima wa taka zenye maji si kitu cha kupuuzwa, na maganda yaliyoishia kwa mbuzi hayakufika mlimani.

Naam, mbuzi. Ua wenye familia sita unatoa mabeseni kadhaa ya maganda kwa siku, na lazima kuna mtu Walukuba au Masese anayefuga ng'ombe wa ndani, mbuzi au nguruwe anayeyatafuta. Ongea naye aje kila asubuhi au jioni. Masharti ni mawili. La kwanza, kusiwe na kaveera hata kimoja, kwa maana mnyama akimeza kaveera hakitoki. Kinajikunja tumboni na vingine mpaka chakula kinakosa njia na mnyama anakufa, na mfugaji hatarudi kwako tena. La pili, yawe mabichi ya siku hiyo, yasiwe na ukungu. Maganda ya muhogo yaanikwe juani kwanza ili sumu yake ipungue, na ya parachichi pamoja na kokwa yake msimpe mnyama kabisa.

Yatakayobaki yafanyeni mboji. Chukua gunia kuukuu au jerikani iliyopasuka, toboa matundu pande zote na chini, weka vijiti chini hewa ipite. Kila beseni moja la kibichi lifunikwe kwa mabeseni mawili ya kikavu: majani makavu, maganda ya mahindi, vumbi la mbao kutoka kwa seremala, boksi lililochanwa. Vijidudu vinavyokula taka vinahitaji vyote viwili, kikavu kikiwa chakula cha nguvu na kibichi cha kujengea mwili. Kibichi kikizidi, unasikia harufu ya mkojo au mayai viza. Ongeza kikavu, geuza kwa kijiti, harufu inaisha kwa siku mbili tatu. Kikavu kikizidi hakuna kinachotokea, rundo linalala tu. Shika konzi moja uikamue: ikitoa matone mengi ina maji kupita kiasi, ikibaki imeshikana kama sifongo iliyokamuliwa iko sawa. Vichwa vya mukene (dagaa) na mifupa msitie, wape paka au kuku. Majivu ya sigiri nyunyizia kidogo tu, yaliyopoa. Baada ya miezi mitatu au minne unapata udongo mweusi wa kupandia sukuma, dodo au nakati kwenye magunia yale yale. Ukiniuliza mimi, mboga hizo ndizo zitakazowashawishi majirani kuliko hotuba yoyote.

Buveera. Tangu 2009 serikali imekuwa ikizuia vile vyembamba, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inakataza vyenye unene wa chini ya maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini wewe na mimi tunajua vinavyotoka sokoni kila siku. Wapo wanunuzi wa plastiki laini, nao wanaitaka safi, kavu na kwa wingi. Kama kwenye matembezi yako hukumpata, usivikusanye. Osha vinavyofaa uvitumie tena, na nenda sokoni na kikapu. Na tafadhali, anayefunika matoke kwa kaveera jikoni arudi kwenye jani la ndizi. Plastiki ile haikutengenezwa kukaa kwenye mvuke na chakula cha watoto.

Pampasi sina dawa yake, nami sitakubunia. Ndani yake kuna karatasi, plastiki na unga unaonyonya maji, vyote vimegandamana pamoja na kinyesi, na hakuna wa kuzinunua. Kinyesi kimwage chooni, yenyewe ikunje, iweke kwenye kaveera kilichokwisha kazi, itafute njia ya kufika kwenye kontena la jiji. Isitupwe shimoni chooni: choo kitajaa upesi, na siku ya kukinyonya mabomba yataziba, gharama itawarudia ninyi wapangaji. Kama una nguvu na maji ya kufua, nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku hupunguza mzigo zaidi ya nusu. Najua ni kazi juu ya kazi, kwa hiyo nakuachia uamue.

Betri za tochi na za sola, simu mbovu na balbu zikae kwenye kopo lenye kifuniko mbali na watoto, na betri kubwa ya asidi asiipasue mtu yeyote hapo uani, hata fundi. Mpe mnunuzi ikiwa nzima. Sindano, kama kuna anayejidunga dawa nyumbani, ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na zirudi kituo cha afya.

Lililobaki ni majirani, na hapo huwezi kufaulu peke yako, kwa sababu ukiacha kuchoma wewe na wengine watano wakaendelea, mtoto anavuta moshi ule ule. Kaa kwanza na mama mmoja au wawili mnaoelewana, muanze kibichi na kikavu. Familia sita zikichanga chupa pamoja gunia linajaa haraka kiasi cha mnunuzi kuja mwenyewe, na hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya chupa kulipa. Pesa iandikwe kwenye daftari, iamuliwe mapema ni ya nini, ama sivyo italeta ugomvi mkubwa kuliko panya. Mwenye nyumba mweleze kabla hajaona gunia jipya. Akikataa, au jirani asipoacha kuchoma mkijua mtoto anaumwa, mfuateni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, aitishe kikao, na kupitia kwake mwombeni afisa afya wa jiji aje aone. Mkienda mkiwa familia nne zilizokwisha kutenganisha, mna nguvu hata ya kuomba kontena la pamoja kwa ajili ya kile kidogo kilichobaki.

Na lile gunia la zamani, kama bado lipo, usilikung'ute likiwa kavu. Mkojo wa panya una magonjwa. Vaa viatu na kitu cha kuziba mikono, lilowanishe kwa maji yenye jiki, ngoja kama nusu saa, ndipo umwage chupa juani. Suuza zilizo nzima, zipange kwa namba, na hizo ndizo ubebe kama sampuli zako kesho.